Nta, polishi na rangi ya gari

Juma hili nawaomba tuzungumzie jambo ambalo wengi hulidharau, nalo ni rangi ya gari. Atakayesema huo ni urembo wa matajiri, nitamjibu kuwa hii ni mali.

Pale Makambako, barabara ya Njombe na Songea inapoachana na barabara kuu ya Mbeya, magari hupita usiku na mchana. Mengi ya yale madogo ni mitumba kutoka Japani, yaliyonunuliwa kwa fedha ya viazi, ya mbao, au kwa mkopo wa mtumishi. Siku ya kuliuza, mnunuzi hutazama bodi kabla ya kufungua boneti.

Rangi yote ya kiwandani, pamoja na ile koti ya juu inayong'aa, ina unene wa takriban sehemu moja ya kumi ya milimita. Ni karatasi moja ya daftari! Karatasi hiyo ndiyo inayopambana na vumbi jekundu, kinyesi cha ndege na utomvu wa misindano tunayoegesha chini yake. Tena Njombe mjini ni karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Baridi hutudanganya kuwa jua ni pole, kumbe huko juu miale inayobabua rangi ni mikali zaidi.

Basi ndugu msikilizaji, ukifika dukani uliza swali moja: dawa hii inakwangua au inafunika? Polishi nyingi zina chembe za kusugua. Huondoa mikwaruzo kwa kumega rangi yenyewe. Anayepiga polishi kila Jumamosi analichuna gari lake kidogo kidogo.

Nta hufunika. Ile ya kopo hupakwa kidogo kivulini, bodi ikiwa imepoa, ikaachwa ikauke, kisha ikafutwa. Rahisi zaidi ni ya kupulizia: unaosha, unapuliza, unafuta kwa kitambaa laini. Haidumu sana, lakini kuirudia hakumshindi mtu. Dawa za seramiki hudumu zaidi, ila zinataka maandalizi makubwa na mkono wa fundi. Zikigandia vibaya, maji hayaziondoi. Kwangu mimi, kinga nyepesi inayorudiwa ni bora kuliko kali iliyokosewa.

Wapo wanaofuta gari kwa dizeli ling'ae. Hung'aa asubuhi, jioni limevaa vumbi lote la njiani, na mipira ya milango inaharibika. Sabuni ya unga nayo huondoa nta uliyoigharimia. Na dawa ya kung'arisha dashibodi isiguse pedali wala usukani. Mguu ukiteleza kwenye breki, hasara haitakuwa ya rangi tena.

Jambo la mwisho ni maji. Tuoshee nyumbani kwa ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia kitambaa, tuiache mito kama Ruhuji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto.

Ukitaka kujua kama gari lako lina kinga, mwagia boneti maji. Yakijikusanya matone kama juu ya jani la mgimbi, nta ingalipo. Yakitandaa, ni wakati wa kupaka tena.