Chunguzeni Kila Kinywa

Wazee wa milima yetu, walimu, wazazi, nanyi wauguzi mnaohitimu leo hapa Rurambo, hongereni!

Leo nasema nanyi juu ya gesi na saratani ya kinywa. Usiku wa baridi, watu huingiza mbabula ya makala ndani na kufunga mlango. Hapo monoksidi ya kaboni, isiyo na rangi wala harufu, huweza kuua waliolala. Lakini kwa kiasi kidogo sana, mwili wenyewe huitengeneza, chembe nyekundu za damu zinapochakaa na kuvunjwa. Kuna pia oksidi ya nitriki, inayolegeza mishipa ya damu. Utafiti wake uliwapa Robert Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad Tuzo ya Nobel mwaka 1998. Ya tatu ni salfidi ya hidrojeni, yenye harufu ya yai viza. Zote tatu ni wajumbe kati ya seli, wanaopenya utando wake bila kubisha hodi.

Saratani ya kinywa huwateka wajumbe hao. Kwa kiasi fulani, gesi hizi huusaidia uvimbe kuotesha mishipa mipya ya damu na kukua. Zikizidi sana, zinaweza kuziua seli zilezile za saratani. Ndiyo maana watafiti wengine wanajaribu kuzizuia, na wengine kuziongeza ndani ya uvimbe. Hiyo bado ni kazi ya maabara.

Kazi yenu haingoji maabara. Uvimbe hujilisha kimyakimya, mara nyingi bila maumivu mwanzoni, hivyo mgonjwa hataleta malalamiko. Akija kwa malaria, mwombeni afungue kinywa na kuinua ulimi. Mkiona kidonda kisichopona kwa wiki 2, au doa jeupe au jekundu lisilofutika, msiishie kwenye dawa ya kusukutua. Mtumeni hospitali Uvira mapema, hata kama njia ya kushuka ni ngumu. Muulizeni pia juu ya tumbaku na pombe, kwani vikikutana hatari huzidishana.

Msidharau macho yenu. Mwaka 1958 daktari Denis Burkitt, aliyefanya kazi Kampala, aliueleza ulimwengu saratani nyingine, ya taya za watoto. Alianza kwa kuzitazama vizuri nyuso zilizovimba.

Wazazi wenu wamewasomesha kwa mihogo, maharage na ng'ombe. Faida yao iwe mgonjwa aliyetumwa mapema, akatibiwa, akarudi nyumbani akila na kusema. Mungu awabariki katika kazi hiyo.