Watoto wa Mkonge



Atokaye mjini Mwanza kuelekea Magu, Misungwi au Kwimba huiona mikonge imesimama pembezoni mwa mashamba. Katika nchi ya Wasukuma mmea huu umekuwa kwa miaka mingi ua wa boma, mpaka wa shamba na kamba ya kufungia ng'ombe. Tumeuzoea hata hatuutazami tena. Leo tunaomba tuutazame pamoja, hasa saa ile unapokufa.

Mkonge hutoa maua mara moja tu katika maisha yake. Kwa miaka 7, 10 au zaidi huwa unatoa majani tu, yapatayo 200 na kuendelea. Kisha katikati yake huchomoza mlingoti wenye urefu wa meta 5 au 6, na juu yake matawi. Maua hufunguka, hunyauka na kuanguka, na ni nadra sana kuacha mbegu. Lakini pale yalipoangukia huchipuka mimea midogo, mamia kwa mamia, kila mmoja ukiwa na vijani vyake. Huo ni mkonge kamili, usiozidi urefu wa kidole. Wakati huohuo majani ya chini yanakauka. Mama anakufa huku amewabeba watoto wake juu.

Mkulima mwenye busara hufanya nini? Kwanza, haukati mlingoti kwa pupa. Japokuwa shina linakwisha, bado linawalisha wachanga wale, na achumaye mapema huchuma kitu kisicho na nguvu ya kujishikiza udongoni. Pili, hangoji mno. Wakiachwa wajiangukie, wengi hukauka juu ya ardhi ngumu, na wachache wanaoota husongamana chini ya mzoga wa mama, wakinyang'anyana maji na mwanga. Tatu, akisha kuwachuma hawapeleki moja kwa moja shambani. Huwapanda katika kitalu, akawapalilia kwa muda wa mwaka mmoja au mwaka na nusu, ndipo awahamishe.

Nchi yetu inaijua faida ya kazi hiyo. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliletewa wachanga wa mkonge 1,000 kutoka Florida, Marekani, kwa njia ya Hamburg. Walipofika Tanga, waliokuwa hai walikuwa 62 tu. Mwingine angesema mali imepotea. Lakini wale 62 walipandwa na kutunzwa, na kutokana nao yakaenea mashamba makubwa ya mkonge wa nchi hii. Mwaka 1964 Tanganyika ilivuna zaidi ya tani 200,000 za katani, ikawa ya kwanza duniani. Tunajua pia kwamba kazi ya mashamba yale ilikuwa na jasho na machozi mengi, na kwamba baadaye nyuzi za viwandani ziliishusha bei ya katani. Hata hivyo hesabu ile inabaki kuwa fundisho: wachache waliookolewa wasidharauliwe.

Wapendwa, tunasema haya kwa sababu kandokando ya ziwa letu iko milingoti mingi inayokauka, nayo si ya mkonge.

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania waligunduliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Tangu hapo hakuna kijiji cha pwani hii ambacho hakikuona bibi mzee akianza upya kulea. Tunamshukuru Mungu kwamba tangu mwaka 2004 dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bila malipo, na wazazi wengi waliodhaniwa kuwa wa kuzikwa leo wanawapeleka wenyewe watoto wao shuleni. Lakini kifo kina njia nyingi. Tunayakumbuka makaburi ya Igoma, walikozikwa wengi wa abiria wa MV Bukoba iliyozama tarehe 21 Mei 1996. Tunaikumbuka MV Nyerere iliyopinduka karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018, ikachukua roho za watu zaidi ya 200. Na wako wavuvi ambao dhoruba huwachukua mmoja mmoja, pasipo redio kutangaza.

Nasi hufanya nini mama au baba anapokwisha? Mara nyingi twafanya makosa yaleyale mawili. Kuna wanaokata mlingoti mapema. Mzazi angali hai kitandani, tayari ndugu wanagawana watoto wake na ng'ombe wake, kana kwamba hana tena la kutoa. Analo! Mgonjwa aliyelala aweza bado kumfundisha mtoto sala, majina ya mababu, nani anamdai na nani anadaiwa naye. Nchini Uganda, tangu miaka ya 1990, akina mama wanaoishi na virusi waliwaandikia watoto wao vitabu vya kumbukumbu, ili mtoto ajue alikotoka. Nasi twaweza kufanya hivyo kwa daftari la kawaida na mkono wa katekista. Na mzazi awezaye kutembea, au kubebwa, aizungukie mipaka ya shamba pamoja na mwanawe na majirani wawili watatu, akionyesha: mkonge huu na ule, hapa ndipo petu. Mashahidi wakiwapo, si rahisi kwa mjomba au baba mdogo kuusogeza mpaka baada ya matanga. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inakataza kumnyima mtoto haki ya kufaidi mali ya mzazi wake.

Kuna na wanaongoja mno. Twalia msibani, twala, twaondoka. Miezi inapita, na siku moja twasikia kwamba yule kijana wa miaka 12 yuko kambini, usiku anavuta nyavu za dagaa, mchana analala. Dada yake amepelekwa mjini kufanya kazi za ndani, na hakuna ajuaye nyumba ya nani. Hao wameanguka juu ya ardhi ngumu. Hakuna aliyewatupa, ila hakuna aliyewaokota.

Enyi makatekista na viongozi wa jumuiya ndogo ndogo, kitalu ni ninyi. Mkono mmoja haulei mwana. Bibi aliyechoka asiachiwe watoto watano peke yake kwa sababu tu ni wajukuu wake. Mmoja anunue daftari, mwingine amlimie bibi robo eka, mwingine apite jioni kuuliza kama wamekula. Wala tusiwaondoe haraka katika kitalu: msaada wa juma la msiba haumfikishi mtoto shambani. Na wasipopona wote, tusikate tamaa kwa ajili ya wale tuliowakosa, tukawaacha na hawa tulio nao mikononi.

Mwinjili Yohane anatusimulia kwamba Bwana wetu, akiwa juu ya msalaba na pumzi inamwishia, alimtazama mama yake na mwanafunzi aliyempenda, akawakabidhi kila mmoja kwa mwenzake. Hakungoja mpaka azikwe. Naye mwanafunzi hakusema kwamba atafikiri. Tangu saa ile alimpokea nyumbani kwake. Juu ya mti wa kifo Bwana alianzisha nyumba mpya.

Basi, ndugu wapendwa, juma hili kila jumuiya ijiulize maswali mawili. Ni nani kati yetu anayekwisha, naye bado hajaulizwa anataka kuwaachia watoto wake neno gani? Na ni mtoto gani aliyezikiwa mzazi mwaka huu, ambaye hatujui jana alilala wapi? Tukipata jina, tusiishie kuliombea. Twende.

Mungu, Baba wa yatima, awabariki ninyi nyote na nyumba zenu. Tumsifu Yesu Kristo.