Beki Kijana Hapimwi kwa Siku Moja



Mshambuliaji akifunga mabao matatu, hata mtoto wa darasa la pili atakueleza nani kacheza vizuri. Beki je? Siku yake njema huandikwa sifuri. Ndiyo maana wengi hukosea wanapolinganisha mabeki chipukizi, na gharama ya kosa hilo hulipwa na kijana.

Chukua mfano wa Kisorya, wilayani Bunda, pale watu wanapopanda kivuko kwenda Ukerewe. Tuseme mtafuta vipaji kafika na ana nafasi moja tu ya beki wa kati. Anatazama vijana wawili wa miaka 16. Wa kwanza ni mrefu, anateleza kila dakika, anabutua mpira nusura uangukie ziwani, na watu wanashangilia. Wa pili ni mfupi kidogo na jezi yake haijachafuka. Mpira ukifika unamkuta yupo. Nani atachukuliwa? Mara nyingi ni yule wa kwanza. Hakuna anayeuliza kwa nini alilazimika kuteleza. Beki anayeteleza kila mara, huenda kila mara amechelewa.

Sisemi kimo hakina kazi. Mpira wa kona hauondolewi kwa busara peke yake. Lakini tuwatazame waliofika. Dickson Job si mrefu kwa kipimo cha mabeki wa kati. Mwaka 2017 alikuwemo katika ngome ya Serengeti Boys kule Gabon, timu iliyotoka 0-0 na Mali, ambao ndio waliotwaa ubingwa. Akapitia Mtibwa Sugar, kisha Yanga. Ibrahim Hamad, maarufu Bacca, alipita njia nyingine: alitoka KMKM ya Zanzibar na kujiunga na Yanga mwaka 2022. Mwaka 2023 wote wawili walikuwa katika kikosi cha Yanga kilichofika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Mmoja alijulikana mapema, mwingine baadaye, na wakakutana ngome moja. Angeulizwa mtu mwaka 2017 nani zaidi, jibu lake lingekuwa na thamani gani leo?

Basi tuwalinganishe vijana kwa haki. Watazamwe mechi tatu au nne, si moja. Watazamwe mpira ukiwa mbali nao: wamesimama wapi, wanawapanga wenzao au wamenyamaza? Wakikosea, dakika kumi zinazofuata wanachezaje? Wakiupata mpira, wanampa mwenzao au wanabutua tu? Na yaandikwe daftarini, maana kelele za mashabiki si kumbukumbu.

Kwa kijana wa Kisorya jambo hili si la mzaha. Mkoa wa Mara uliwahi kuwa na Biashara United ya Musoma katika Ligi Kuu, tangu msimu wa 2018/19 hadi iliposhuka mwaka 2022. Tangu hapo mlango wa karibu umekuwa mwembamba. Akikataliwa leo kwa sababu jezi yake ilikuwa safi, kesho atakuwa mtumbwini akivua dagaa. Uvuvi ni kazi ya heshima, lakini na aichague mwenyewe, asisukumwe na mtu aliyemtazama kwa dakika tisini.

Viongozi wa klabu, mtumeni mtu wenu akae wiki nzima. Nauli ya kurudi itamsubiri.