INJINI KUUKUU HAIFI KWA UZEE

(Maneno yaliyosemwa Kalokol, karibu na Ghuba ya Ferguson, mbele ya wanachama wanaoangalia mashine)



Tumeombwa tuseme habari za injini ndogo za zamani, zile za silinda moja zinazopozwa kwa upepo. Tumekubali kwa sababu neno hili si la mafundi peke yao. Ni neno la mshahara.

Twamkumbuka mwenzetu aliyekuwa akiangalia pampu ya bustani kando ya mto Turkwel. Siku moja ya kiangazi injini ilikwama saa sita mchana. Mwajiri akaja, akatazama, akasema, "Umeiua." Mwisho wa mwezi mshahara ukakatwa. Mwenzetu alikuwa ameomba oili mara tatu, lakini aliomba kwa mdomo tu, wala hakuwa na karatasi ya kuonyesha. Mboga zikakauka, watoto wake wakapungukiwa, na lawama ikabaki juu yake. Basi leo tuna mambo mawili: namna ya kuitunza injini kuukuu, na namna ya mtunzaji kujitunza mwenyewe.

Injini hizi zilitengenezwa kwa wingi Marekani na makampuni kama Briggs & Stratton, iliyoanzishwa mjini Milwaukee mwaka 1908, na Kohler, ya jimbo hilohilo la Wisconsin. Nyingi zilifungwa katika matrekta madogo ya bustani, ya kulimia na kukatia majani. Huko kwao trekta la miaka ya 1960 bado laweza kuonekana likifanya kazi. Kwetu trekta lenyewe ni nadra, lakini injini za namna hiyo twazikuta kwenye pampu za maji na jenereta. Watu husema, "Ni ya zamani, imechoka." Sisi hatukubali upesi. Zile nzito zina silinda ya chuma, na silinda hiyo ikilika yaweza kuchongwa upya na kutiwa pistoni kubwa kidogo. Injini ya namna hiyo haiuawi na miaka. Ina adui watatu, nao ni vumbi, oili mbovu na joto. Hapa Turkana wote watatu twaishi nao.

Tuanze na vumbi. Mnaujua upepo wetu unavyobeba mchanga. Mchanga ukipita kwenye kabureta huingia katika silinda na kusugua kama msasa. Chujio la hewa la sponji lioshwe kwa maji safi na sabuni, likaushwe, litiwe oili kidogo ya injini na kukamuliwa. Chujio la karatasi halioshwi kwa petroli wala halitiwi oili. Hugongwa polepole vumbi lianguke, na likiziba hubadilishwa. Tena tazameni pale chujio linapokutana na kabureta, maana tundu dogo hapo hulifanya chujio zima kuwa pambo. Wala asiwepo mtu wa kuendesha injini bila chujio, hata kwa saa moja.

Pili, oili. Nyingi za injini hizi hazina pampu ya oili wala chujio la oili. Chini ya konrodi pana kijiko kidogo kinachochota oili na kuirusha huku na huku. Oili ikipungua, kijiko chapiga hewa tupu. Vivyo hivyo injini ikiwekwa mshazari ukingoni mwa mto, oili hukimbilia upande mmoja, na kijiko hakiifikii vizuri. Kwa hiyo chimbeni, sawazisheni mahali, ndipo mweke mashine. Pimeni oili kila asubuhi kabla ya kuwasha.

Vitabu vya zamani vya injini hizi vyasema oili ibadilishwe kila baada ya saa 25 za kazi, na mapema zaidi penye vumbi. Tupige hesabu. Pampu ikifanya kazi saa 5 kwa siku, siku 6 kwa juma, ni saa 30. Maana yake, oili ya juma moja haifai juma la pili. Mwajiri anayetoa oili mara moja kwa mwezi anaiua injini yake mwenyewe polepole, kisha huja kuuliza nani aliyeiua.

Tatu, joto. Lodwar ni kawaida jua kufikia nyuzi 35 na zaidi, kivulini. Injini hizi hazina maji ya kupozea. Gurudumu zito lina mapanga yanayovuta upepo, na bati lililoifunika injini huuelekeza upepo huo upite kwenye mapezi ya silinda. Wapo wanaolitoa bati hilo wakisema, "Tuiache ipate hewa." Ndugu zetu, hapo ndipo mnapoinyima hewa! Rudisheni bati, na safisheni mapezi kwa brashi na kijiti, matope na majani yatoke. Jengeni kivuli cha makuti ya mkoma, lakini kiwe wazi pande zote, kwa sababu moshi wa injini huua mtu.

Na ninyi wa hapa ziwani, msiioshe injini kwa maji ya ziwa. Maji haya yana magadi. Yakikauka huacha chumvi katika mapezi, na magadi hula aluminiamu. Tena kumwagia maji injini yenye moto kwaweza kuipasua.

Injini ikikataa kuwaka, fuateni utaratibu. Kwanza tazameni kama petroli yafika, kisha plagi, kisha cheche. Katika zile zenye platini, safisheni platini na kupima nafasi yake. Kwa nyingi ni inchi 0.020, yaani nusu milimita. Kabureta ifunguliwe mwisho, isiwe kwanza. Na injini itakayolala muda mrefu imwagwe petroli yote, kwa maana petroli iliyokaa hugeuka gundi.

Labda mmoja atauliza, "Kwa nini tusidai mashine mpya tu?" Jibu liko hapa hapa Kalokol. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kilimalizika kiwanda cha samaki kilichojengwa kwa msaada wa Norway, chenye mitambo mipya ya kugandisha. Lakini kugandisha samaki katika joto hili kulitaka umeme mwingi mno, na gharama zikashinda faida. Kisha katikati ya miaka hiyo ghuba yenyewe ikakauka, samaki wakapungua. Upya wa mitambo haukukiokoa kiwanda. Mashine yoyote, mpya au kuukuu, yataka chakula chake cha kila siku kihesabiwe mapema: mafuta, vipuri, na mtu mwenye nafasi ya kuitazama. Asiyehesabu hayo, hata umpe mashine ya jana, itamfia.

Sasa twarudi kwa mwenzetu wa Turkwel. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika kwa kosa la makusudi la mfanyakazi. Shikeni neno hilo: makusudi. Ringi iliyolika si makusudi. Oili iliyoombwa isiletwe si makusudi ya aliyeiomba. Na makato yote kwa pamoja yasizidi theluthi mbili za mshahara. Tena Sheria ya Usalama na Afya Kazini, ya mwaka huohuo wa 2007, yamtaka mwajiri kuweka mitambo katika hali ya usalama na kuitunza. Mzigo wa kwanza ni wake.

Lakini sheria haisemi yenyewe, yataka ushahidi. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi twasema, hata kazi bila daftari hupotea. Kila mwenye mashine awe na daftari la shilingi chache. Aandike tarehe, saa za kazi, oili iliyotiwa, siku ya kubadilisha, chujio liliposafishwa, sauti ngeni aliyoisikia, na kila kitu alichokiomba. Msimamizi atie sahihi. Akikataa, andikeni ya kuwa amekataa, na shahidi aandike jina lake. Asiyejua kuandika asione haya; mwenzake amwandikie. Daftari hili litawaonyesha mapema injini inapoanza kula oili, na siku ya mashtaka litasema kwa niaba yenu.

Basi twapendekeza chama kipeleke kwa waajiri madai matatu. Mosi, oili na machujio yatolewe kwa hesabu ya saa za kazi, si kwa hesabu ya miezi. Pili, nusu saa ya kuitazama mashine kila asubuhi ihesabiwe kuwa kazi na ilipwe. Tatu, mshahara wa mtu usikatwe kwa ajili ya mashine kabla daftari halijasomwa mbele ya mjumbe wa chama.

Madai haya hayamdhuru mwajiri mwenye akili. Injini yake itaishi, bustani yake itapata maji, samaki wake watafika sokoni. Nasi tutarudi nyumbani na mshahara mzima. Mkikubali, inueni mikono, na kesho asubuhi, kabla ya kuvuta kamba ya kuwashia, fungueni ukurasa wa kwanza.