Dawa ya Maumivu na Maziwa ya Mama Yaliyohifadhiwa

Mada kwa wakazi wa kata kuhusu huduma za mama na mtoto



Katika vijiji vya machimbo, kuanzia Rwamagasa na Nyarugusu mkoani Geita hadi Kakola na Mwakitolyo mkoani Shinyanga, mama anayenyonyesha mara nyingi ni mama aliye kazini. Huponda mawe, huosha mchanga mialoni, hupikia wachimbaji au huuza mboga sokoni. Mtoto hubaki kwa bibi au kwa dada yake, pamoja na kikombe cha maziwa yaliyokamuliwa alfajiri. Kazi hizo zina maumivu yake: mgongo, kichwa, jino, au mshono wa upasuaji ambao bado haujapona vema. Mama akishameza vidonge, swali huzuka: maziwa yaliyomo kikombeni ni salama, au yamwagwe?

Wengi humshauri ayamwage. Ushauri huo huonekana wa busara, lakini una gharama yake. Mtoto wa miezi 3 ambaye maziwa yake yamemwagwa hupewa uji mwepesi, au maziwa ya ng'ombe yaliyozimuliwa kwa maji ya kisima. Hapo ndipo kuhara huanzia, na kuhara humdhoofisha mtoto mchanga haraka. Shirika la Afya Duniani huelekeza mtoto anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya mwanzo, kisha aendelee kunyonya pamoja na vyakula vingine hadi miaka 2 au zaidi. Kumwaga maziwa bila sababu ni kumnyima mtoto haki hiyo.

Jambo la kwanza la kuuliza ni saa. Maziwa yaliyokamuliwa kabla mama hajameza dawa hayana dawa hiyo, na hayawezi kuipata yakiwa kikombeni. Dawa humezwa, huingia katika damu, na kutoka katika damu sehemu yake ndogo huingia katika maziwa yaliyomo ndani ya titi. Kiasi cha dawa katika damu kinapopungua, dawa iliyomo titini nayo hurudi katika damu na kupungua. Kwa hiyo kukamua na kumwaga hakuiondoi dawa mwilini kwa haraka zaidi. Kinachoiondoa ni muda. Lakini maziwa yaliyokwisha kukamuliwa yameachana na damu ya mama. Kiasi cha dawa kilichokuwamo wakati wa kukamua hubaki humo. Kuyachemsha au kuyagandisha si njia ya kuyasafisha.

Jambo la pili ni jina la dawa. Parasetamoli na ibuprofeni, zikitumiwa kwa kipimo sahihi, huingia katika maziwa kwa kiasi kidogo mno, na mama mwenye mtoto mwenye afya anaweza kuendelea kunyonyesha. Maziwa yaliyokamuliwa baada ya kumeza dawa hizo hayana haja ya kumwagwa. Kwa parasetamoli, mtu mzima asizidishe vidonge 8 vya miligramu 500 katika saa 24. Diklofenaki, ambayo hutolewa mara nyingi baada ya upasuaji, nayo huingia kwa kiasi kidogo. Itumiwe kwa muda mfupi na kwa maelekezo ya mtoa huduma. Mama mwenye vidonda vya tumbo au ugonjwa wa figo asitumie ibuprofeni wala diklofenaki kabla ya kushauriwa. Aspirini ya kutuliza maumivu iepukwe wakati wa kunyonyesha, kwa kuwa inahusishwa na ugonjwa adimu lakini hatari wa ini na ubongo kwa watoto.

Kodeini na tramadoli ni habari nyingine. Mwili wa mama huzigeuza kuwa kemikali zenye nguvu zaidi, na wapo watu ambao miili yao, kwa urithi, hufanya hivyo kwa kasi kubwa. Ethiopia ni miongoni mwa nchi zenye watu wengi wa aina hiyo. Mama hawezi kujijua kwa kujitazama. Mwezi Aprili 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kwamba wanaonyonyesha wasitumie dawa hizo mbili, kwa sababu mtoto anaweza kulala kupita kiasi, kupumua kwa shida na hata kufa. Mama aliyekwisha kumeza mojawapo asimpe mtoto maziwa aliyoyakamua baada ya hapo mpaka apate ushauri wa kituo cha afya, na aende siku hiyo hiyo. Maziwa aliyoyakamua kabla ya kumeza ni salama, na ndiyo yatakayomfaa mtoto katika saa hizo za kusubiri.

Kwa sababu hiyo, saa ya kukamua iandikwe juu ya kila kikombe. Kidonge kilichofungwa katika karatasi bila jina kisimezwe na anayenyonyesha, wala asigawiwe dawa ya mumewe aliyetoka duarani na maumivu ya mgongo. Katika Duka la Dawa Muhimu, neno la kwanza la mama liwe: "Ninanyonyesha." Aliyekwisha kumeza dawa asiyoijua aseme ukweli bila haya, mficha maradhi kifo humuumbua.

Dalili za hatari kwa mtoto ni hizi: kulala kuliko kawaida na kuamka kwa taabu, kushindwa kunyonya, kulegea, kupumua polepole au kwa shida, na midomo kugeuka rangi. Akionekana hivyo apelekwe mara moja kituoni. Kwa mtoto mchanga ipigwe namba ya bure 115 ya mfumo wa usafiri wa dharura wa m-mama, ambao Shinyanga ilikuwa miongoni mwa maeneo yake ya mwanzo.

Maziwa yasiyo na dawa yanaweza pia kuharibika. Mikono ioshwe kwa sabuni, na kikombe chenye mfuniko kichemshwe. Katika joto la nyuzi 25 maziwa hukaa saa 4. Penye joto kali zaidi, muda huo hupungua. Ndani ya jokofu hukaa siku 4. Yapashwe kwa kukiweka kikombe katika maji ya uvuguvugu, yasiwekwe juu ya moto. Mtoto anyweshwe kwa kikombe, na anachobakiza kisitunzwe zaidi ya saa 2.

Katika ukanda wa dhahabu iko hatari moja ambayo vidonge havifanani nayo, nayo ni zebaki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulipima maziwa ya akina mama 46 wa maeneo ya machimbo ya Indonesia, Tanzania na Zimbabwe, Rwamagasa ikiwamo. Wengi walikuwa na zebaki kidogo, lakini wachache walikuwa na kiasi kikubwa. Dawa ya kichwa huisha mwilini kwa saa. Zebaki hudumu kwa wiki na miezi. Kuchoma dhahabu kusifanyike nyumbani wala jikoni, na mama anayenyonyesha asishike zebaki wala kukaa kwenye moshi wake. Vikombe vya maziwa visikae karibu na karasha.

Akina baba na waajiri nao wanahusika. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mama nafasi ya kumnyonyesha mtoto wakati wa kazi, kwa muda usiozidi saa 2 kwa siku. Penye nafasi hiyo, mtoto hulishwa moja kwa moja na kikombe hupumzika. Pasipo nafasi hiyo, bibi anayebaki na mtoto aelezwe mambo mawili kila asubuhi: maziwa haya yamekamuliwa saa ngapi, na mama amemeza dawa gani. Akiyajua hayo, hatamwaga chakula cha mjukuu wake kwa hofu, wala hatampa maziwa yanayoweza kumdhuru.