Kitini si riwaya

Msikilizaji, Weep Not, Child ya Ngũgĩ wa Thiong'o, iliyotoka mwaka 1964, imesomwa kwa miaka mingi katika sekondari za Tanzania. Lakini wanafunzi wengi hukariri kitini tu: wahusika, dhamira, mbinu. Insha inaandikwa, alama zinapatikana, na Njoroge wa riwaya hiyo, kijana aliyeitamani shule kuliko kitu chochote, hawajakutana naye.

Siwalaumu. Wengi wamesoma miaka 7 kwa Kiswahili, kisha kidato cha kwanza wakatumbukizwa kwenye Kiingereza. Na vitabu havitoshi.

Basi sura moja isomwe kwa sauti darasani, kila mwanafunzi aandike aya moja aliyoifikiria mwenyewe. Sarufi itayumba. Walimu, tafadhali, isahihisheni fikra kwanza.