Amri ya Nne: Mzee Asiye na Mtu



Wakristu wapenzi, nanyi wakatekumeni mnaosikiliza pamoja na katekista wenu, leo tunaendelea na fundisho la amri ya nne. Mmekwisha kujifunza namna mtoto anavyopaswa kuwatii wazazi wake. Leo tutaeleza jambo ambalo wengi hulipita upesi: mzee ambaye watoto wake wamekufa au wamepotea mbali, na mzee wa kabila lingine anayekaa kati yetu, ni nani atakayemheshimu?

Swali: Je, amri ya nne yawahusu watoto wadogo tu?

Jibu: Hapana. Yawahusu hata zaidi watu wazima, ambao wazazi wao wamekwisha kuzeeka.

Mtoto mdogo humtii baba yake kwa kuwa baba ana nguvu. Lakini baba akiisha kuwa dhaifu, asiyeweza tena kushika jembe, hapo ndipo heshima ya mtoto hujulikana kama ni ya kweli. Siku za Bwana wetu Yesu Kristu walikuwako watu waliosema kwamba mali ambayo wangewasaidia nayo wazazi wao wameiweka wakfu kwa Mungu, wakawaacha wazazi katika shida. Yesu aliwakemea kwa ukali, kwa sababu walilitumia jina la Mungu ili kuivunja amri ya Mungu. Basi tujihoji. Mtu akipeleka misioni kikapu cha muhogo siku ya matoleo, huku mama yake amelala na njaa nyuma ya nyumba, kikapu kile kitampendezaje Mungu?

Swali: Je, amri hii yaishia mlangoni mwa baba yetu?

Jibu: Hapana. Yafika kwa kila mzee ambaye Mungu amemweka karibu nasi.

Mwamkumbuka Ruti. Yeye alikuwa Mmoabu, na mama mkwe wake Naomi alikuwa mtu wa Betlehemu. Waume wao walipokufa, hakuna aliyemlazimisha Ruti kumfuata yule mwanamke mzee. Angaliweza kurudi kwao bila kulaumiwa. Lakini alifuatana naye mpaka nchi asiyoijua, akaokota masazo ya shayiri katika mashamba ya watu, apate kumlisha. Na kutoka kizazi cha mwanamke huyo mgeni alizaliwa mfalme Daudi, na baadaye Mwokozi wetu mwenyewe. Tena tazameni msalaba. Yesu alipokaribia kufa alimkabidhi Mama yake kwa mwanafunzi aliyempenda, ambaye hakuwa mtoto wa tumbo lake. Naye akamchukua nyumbani kwake tangu saa ile.

Sasa tuchukue mfano, ili kila mmoja autambue katika kijiji chake. Mwanamke mmoja alikuja ujanani pamoja na mumewe kufanya kazi katika mashamba makubwa ya chai. Mume akafa. Watoto wengine wakafa, wengine wakaenda kuchimba madini, wala hawaleti habari. Tangu vita vya mwaka 1996 watu wengi wa Kongo ya mashariki wametawanyika namna hiyo, na wazee wengi wamebaki kati ya watu wasio wa lugha yao. Mama huyu anakaa mwishoni mwa kijiji. Macho yake ni mekundu, maana kwa miaka mingi amepika kwa kuni ndani ya nyumba isiyo na dirisha. Usiku anasema peke yake, na mara nyingine anapotea njia ya kisima, kwa sababu uzee umemletea ugonjwa wa kusahau.

Siku moja mtoto wa jirani anashikwa na homa, anakufa. Jioni mtu mmoja anauliza: «Ni nani aliyemla?» Naye mwingine anajibu: «Mwatafuta nini mbali? Hamjaona macho ya yule?»

Ndugu wapenzi, ninyi wenyewe mwajua yanayofuata. Katika Kivu ya Kusini na mahali pengine wanawake wazee wamepigwa, wamefukuzwa, hata wamechomwa moto kwa sababu ya maneno kama hayo. Mtoto aliuawa na malaria, ambayo mbu huileta. Angalipelekwa mapema kwenye dispanseri, labda angalipona. Macho mekundu ni alama ya moshi, na kusema peke yake ni alama ya ugonjwa. Mwenye kumshitaki mzee bila ushahidi amevunja amri ya nane. Mwenye kumpiga na kumwua amevunja amri ya tano. Na mwenye kunyamaza je? Wengi wetu hatukushika jiwe, lakini tuliingia nyumbani tukafunga mlango. Sisi walimu wa dini nasi twaungama kosa letu: mara nyingi tumefundisha amri kumi vizuri ndani ya kanisa, kisha tukakosa kuonekana jioni ile kijiji kilipoanza kunong'ona.

Swali: Je, kumlinda mzee ni huruma tu?

Jibu: Hapana. Ni haki yake.

Mzee ameumbwa kwa sura ya Mungu, wala sura hiyo haichakai pamoja na mwili. Sheria za nchi nazo zakiri haki yake. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, katika kifungu cha 40, yawapa watoto wajibu wa kuwasaidia wazazi wao. Na katika kifungu cha 49 yasema kwamba wazee wana haki ya kulindwa kwa namna ya pekee. Sheria ya Jamaa ya mwaka 1987 yampa mjane haki ya kukaa katika nyumba aliyokaa na mumewe. Basi ndugu za marehemu wanaomtoa nje na kuchukua masufuria yake wafanya kosa, hata wakisema ndiyo desturi. Tena Umoja wa Afrika, katika mapatano juu ya haki za wazee ya mwaka 2016, umeagiza kwamba mashitaka ya uchawi juu ya wazee yakomeshwe. Naye Baba Mtakatifu Fransisko, mwaka 2021, aliiweka Dominika ya nne ya mwezi wa saba iwe siku ya babu na nyanya na wazee wote, karibu na sikukuu ya watakatifu Yoakimu na Anna.

Basi tufanye nini? Twawapeni mambo manne.

La kwanza: kila shirika liandike majina ya wazee wanaokaa peke yao, bila kuuliza kabila lao wala dini yao. Wapewe zamu ya maji, kuni na chakula, na paa zao zitengenezwe kabla ya mvua.

La pili: msimpe mzee chakula kama mtu anayetupia kuku mahindi. Keti naye, kula naye. Asiye na meno apikiwe chakula laini. Mwulizeni shauri juu ya mbegu, juu ya mipaka ya mashamba, juu ya ugomvi wa ndoa. Mtu asiyeulizwa neno hufa kabla ya siku yake.

La tatu: mwiteni padri mapema. Komunyo na Mpako wa wagonjwa visingoje mpaka mzee amepoteza fahamu.

La nne, nalo ndilo gumu: mkisikia neno la uchawi juu ya mzee, msingoje kesho. Jioni ile ile wanaume na wanawake wa shirika waende pamoja, wakae mlangoni pake, wasali rozari. Na mtu mmoja apelekwe kwa chefu. Mmoja peke yake ataogopa. Watu ishirini walioketi na rozari mikononi, ni vigumu kuwapita.

Katekista, baada ya fundisho hili waulize wasikilizaji: Ni mzee gani katika kijiji chetu asiye na mtu? Msiondoke kabla ya kulitaja jina lake na kuchagua ni nani atakayekwenda kwake leo.

Tuombe. Ee Bwana Yesu, uliyemtafutia Mama yako nyumba ulipokuwa msalabani, utufundishe kumpokea mzee asiye wa ukoo wetu kama mama yetu na baba yetu, hata siku ile nasi tutakapozeeka. Amina.